Sifa za Oili Sili Inayovuja

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Bomet, watu husifu ng'ombe wa maziwa na wakimbiaji wa mbio ndefu. Oili sili inayovuja mkiani mwa giaboksi huambulia matusi. Nami nadai kwamba eneo zima halina mkaguzi mwaminifu kuliko hiyo. Ni pete ya mpira tu, mdomo wake umebanwa na springi nyembamba, nayo imepewa kazi ya kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie huku chuma kikizunguka ndani yake bila kupumzika. Na ikishindwa, haifichi. Tone jekundu chini ya gari mara nyingi limetoka kwenye giaboksi ya otomatiki; tone zito lenye harufu ya kiberiti ni la difu au la gia za mkono. Ni ripoti gani ya serikali iliyo wazi hivyo?

Watu huisingizia. Majani mabichi yakishachumwa hayangoji: yakilundikana gunia linapata joto na majani yanaharibika, kwa hiyo lori huondoka kituoni mvua ya alasiri ikinyesha, kwenye udongo mwekundu unaoteleza. Likikwama, dereva hukanyaga mafuta na propela hupigwa mishtuko. Krosi ya propela iliyokosa grisi huanza kugonga, beringi hulegea, shafti huyumba, na mdomo wa sili haukuundwa kufuata shafti inayoyumba. Au kibomba cha kupumulia cha giaboksi kimezibwa na matope. Hewa ya ndani ikipata moto hutafuta njia, ikisukuma oili. Aliyekosa ni mwingine, anayefukuzwa kazi ni sili. Inawekwa mpya, na muda si mrefu nayo inavuja, kwa sababu mchanga ulishachimba mfereji kwenye shafti na hakuna aliyepitisha hata ukucha pale kuupima. Shahidi amebadilishwa, ushahidi ni ule ule.

Watasema oili ikiisha meno ya gia yataliwa. Kweli, lakini giaboksi yenyewe hunyamaza mpaka siku ya kunguruma, ilhali sili ilikuwa imetoa taarifa kila asubuhi. Watasema pia kwamba sili ya mbele hulowesha klachi, gari likashindwa mlima. Hiyo siitetei sana. Ni mbea asiyejua pa kusemea. Pingamizi zito ni la mkulima: oili hiyo huoshwa na mvua hadi mtoni. Hapo sifa zangu zinapungua kidogo, ila mshtakiwa wa kwanza awe mwenye gari, ambaye badala ya kumwita fundi akague krosi na beringi, ametandika katoni chini ya giaboksi ili kabro yake isichafuke.