Mjomba, Drili na Mlango wa Mvule

Kila ukoo una mtu wake wa drili. Si lazima ajue kutoboa. Inatosha kwamba mashine iko kwake, kwenye boksi lake la plastiki, na haiazimwi bila yeye mwenyewe kuja nayo. Sisi tunaye mjomba, mstaafu wa bandari hapa Tanga, ambaye tangu apate mafao yake hajaacha ukuta wala kabati la ndugu bila tundu. Ukimpigia simu kumjulia hali, kabla hujamaliza shikamoo keshauliza, "Hapo kwako hakuna pa kutoboa?"

Leo sitamsema mjomba peke yake. Nimekuja kuitetea biti anayoitukana kila siku, ile biti bapa ya mbao: kibati cha chuma kilicholala kama jembe dogo, ncha kali katikati, mabega mawili pembeni. Kwa matundu makubwa ya mbao hakuna biti ya bei rahisi kuliko hii, ndiyo maana kila mtu anayo, na ndiyo maana kila kinachoharibika husingiziwa hiyo. Nimemshikia mjomba tochi muda wa kutosha kujua kwamba aghalabu biti haina kosa.

Chukua kisa cha bomba. Mkazamjomba alitaka sinki jikoni, na bomba la maji lipite ubavuni mwa kabati. Bomba lenyewe la chuma, la nusu inchi. Ndivyo muuza duka alivyolitaja. Mjomba akachukua biti ya nusu inchi, akatoboa tundu safi, la kupendeza macho. Bomba likagoma. Akalisukuma, akalizungusha, akalipaka sabuni, mwishowe akaliitia nyundo. Sasa, bomba la nusu inchi halina nusu inchi mahali popote unapoweza kuweka rula. Hiyo nusu ni jina lililobaki tangu mabomba yalipokuwa yakiitwa kwa upana wa ndani. Kwa nje bomba hilo lina milimita 21.3, na biti ya nusu inchi ina 12.7. Lilitaka biti ya milimita 22, ambayo ilikuwa imelala kwenye boksi ikisubiri kuitwa.

"Basi tunalipanua," mjomba akasema, na hapo ndipo kabati lilipoingia matatani. Biti bapa huongozwa na ncha yake. Ncha ikikosa mbao ya kung'ata, mabega hayana wa kuyaongoza. Hutangatanga, hugonga huku na kule, na mkono wa mshikaji hutikisika nayo. Tundu lilitoka na umbo ambalo hata mwalimu wangu wa hesabu asingelipa jina. Mkazamjomba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kwa upole, "Baba, haiwezekani kuliziba kwanza lile dogo, ndiyo utoboe jipya?" Akaambiwa aangalie wali usiungue. Wali haukuungua, na shauri lake ndilo sahihi: unachonga kizibo cha mbao, unakigonga kwenye tundu la zamani mpaka kikaze, unatoboa upya katikati yake. Ncha inapata pa kushika.

Lakini mlango ndio uliovuma mtaani. Ulikuwa wa mvule, umetoka nyumba ya zamani ya babu, mzito, wa kuringia, na mjomba alitaka kuuwekea kitasa cha kuzama ndani. Kazi hiyo hufanywa kwa kutoboa msururu wa matundu kwenye unene wa mlango, kisha patasi inamalizia. Biti bapa inafaa kabisa, kwa kuwa uchafu wote utafichwa na kitasa. Tatizo ni kwamba mvule una siri. Ndani ya mti huo hujificha vibonge vya chokaa, vigumu kama mawe, na mtu havioni mpaka chuma chake kivigonge. Kwenye tundu la pili biti ilipiga kelele ya kusaga meno, moshi ukafuka, mjomba akaongeza nguvu. Nguvu ndiyo dawa yake ya kila kitu.

Juu ya hayo, vumbi la mvule huwasha pua, macho na ngozi. Barakoa za wakati wa korona zilikuwa tele kwenye droo, hakuna aliyezikumbuka. Nyumba nzima ikawa inapiga chafya kwa zamu, jirani akapitisha kichwa uani kutupa pole ya mafua.

Mjomba hutoboa polepole huku akiiegemea mashine kwa kifua, na ukimgusia suala hilo hukujibu kwamba polepole ndio mwendo. Methali ni nzuri, ila haikutungwa kwa biti bapa. Biti hii hukwangua zaidi kuliko kukata, kwa hiyo yataka kasi na mkono mwepesi: ncha izame taratibu mpaka ishike, kisha iache mashine ikimbie, mizunguko 1,500 kwa dakika au zaidi kwa zile ndogo, ukishuka kuelekea 1,000 kwa zile pana. Kila mara ichomoe kidogo ikiwa bado inazunguka, makombo yatoke. Ukiona moshi, biti imekuwa butu au wewe umekuwa mjomba.

Tukiwa katika moshi huo, umeme ukakatika. Biti imekwama ndani ya mvule, drili inaning'inia, mjomba akaenda kunywa chai. Drili zile zina kitufe kidogo cha kufunga swichi ili kidole kipumzike, na kidole cha mjomba kilikuwa kimepumzika. Umeme uliporudi, mashine ikaamka peke yake. Kwa kuwa biti haikuweza kuzunguka, ilizunguka drili: ikaupiga mlango kofi, ikajivisha waya wake mwenyewe, ikanipokonya tochi mkononi. "Imepandisha mashetani!" mjomba akapiga kelele, akaukusanya msuli wake na kukimbilia uani. Mkazamjomba akaenda ukutani, akachomoa plagi, akarudi kwenye chai yake.

Anayetaka kununua biti hizi asidanganywe na seti ndefu yenye mkoba. Nyingi humo zitaota kutu kabla hazijaonja mbao. Kwa nyumba ya kawaida, ya 16, ya 22 na ya 25 zinatosha. Tazama pembeni mwa mabega: zile nzuri zina vikucha viwili vinavyokata nyuzi za mbao kabla bega halijafika, na tundu hutoka na ukingo unaotazamika. Viringisha shina lake juu ya kioo cha kaunta. Ncha ikiyumba, mrudishie mwenyewe. Shina lenye pembe sita ni bora, halitelezi kwenye mdomo wa drili.

Kisha ipo hasara ya upande wa pili wa ubao. Kwa mbele tundu ni zuri; kwa nyuma, hasa kwenye mbao laini kama paini ya Sao Hill, biti ikitokeza hubandua vipande na kuacha kidonda. Ncha ikichungulia tu upande wa pili, simama, geuza ubao, malizia kutoka huko. Na ubao ubanwe kwa jiriwa, usishikiliwe na mpwa.

Tundu litakaloonekana na wageni, kama la mguu wa stuli au mapambo ya kabati, usiipe biti bapa. Hilo ni la biti ya Forstner, iliyopewa jina la Benjamin Forstner wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1874. Hutoa tundu laini lenye kitako bapa, nayo huongozwa na ukingo wake, wala haitegemei ncha. Ila ni ghali, na hutulia zaidi drili ikiwa kwenye stendi. Kwa bomba, waya na kitasa, biti bapa inatosha na chenji inabaki. Ikipoteza makali, inoe kwa tupa kwenye mabega, yote mawili kwa mlalo uleule. Ubavu usiuguse, maana ya 22 itageuka ya 21, na bomba litagoma tena.