Saa ya Kutikiswa

Shemeji yangu ananunua dhahabu kule Salamabila, na tangu biashara imnyookee hatupumui. Sasa anataka saa ya fahari, na kila anaposhuka hapa kwetu Lusangi swali ni lilelile: achukue ya kwatzi au otomatiki? Watu tuna mihogo ya kuloweka!

Kwa wasioteswa bado: saa ya kwatzi ina betri inayotetemesha kijiwe mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mwezi mzima hukosea sekunde kumi na tano hivi. Otomatiki haina betri. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachozunguka mkono unapocheza, nacho hukaza springi. Wapimaji wa Uswisi wanaotoa vyeti huiruhusu ichelewe sekunde nne au iwahi sekunde sita kila siku. Yaani inayokosea zaidi ndiyo ya bei kali. Nilipomwambia hivyo akanitazama kwa huruma: "Shemeji, wewe vitu hivi huvijui."

Nakijua kimoja. Seiko walipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, Desemba 25, 1969, waliivika dhahabu na kuiuza yen 450,000, karibu na bei ya gari dogo la Toyota. Leo kwatzi hutandazwa chini sokoni, pembeni ya ndala na nyembe, na wenye pesa wamekimbilia kwingine. Kitu kikishavaliwa na muuza chumvi, tajiri hukiona kinanuka.

Na hizo sekunde, nani anazidai? Alfajiri ina muadhini, shule ina ringi la gari linalogongwa, na saa inayotangazwa kwenye redio ya Kinshasa lazima kwanza tuiongeze saa nzima, maana sisi wa mashariki ya Kongo tuko mbele.

Kinachonikera hasa ni kwamba otomatiki hula jasho. Ukiivua, baada ya siku mbili hivi imelala. Inataka mkono unaofanya kazi, na hapa Lusangi mikono ya namna hiyo haina saa. Mama anayetwanga angeikaza kabla unga haujafika kwenye chekeche. Kijana anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese mpaka Kasongo, yake isingesimama hadi Kiyama. Shemeji je? Ameketi tangu asubuhi, mzani mbele yake, na kiungo pekee kinachosogea ni kidole anachouegemezea mzani mchimbaji akigeuka kupiga chafya.

Ulaya tatizo hili wamelitambua. Wanauza kisanduku cha umeme kinachoizungusha saa mwenyewe anapopumzika. Umekimbia betri ya faranga chache, ukaangukia waya wa umeme! Na hapa kwetu umeme ni wa sola, na kwenye hiyo sola kuna foleni ya simu.

Shemeji hakukosa dawa. Akisafiri ataniachia mimi. "Utakuwa unaitikisatikisa kidogo, shemeji. Si uko tu nyumbani?"

Niko tu! Mtu mwenye mke, watoto, shamba na paa linalovuja! Nikamtajia ujira: wa kutwa, malipo mbele, usiku bei nyingine, Ijumaa sitikisi.

Tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba kwatzi nayo, ukiichunguza vizuri, ni saa ya heshima.