Mama Mkwe Mtalii

Mke wangu aliposema kwamba mapumziko ya Februari tutampeleka mama yake loji, nilicheka peke yangu jikoni. Mimi nimekulia Arusha. Kwetu loji ni mahali unapopeleka wageni, ukamaliza ukarudi mjini kuosha gari. Land Cruiser za watalii nimeziosha sana, vumbi la Serengeti nalijua kwa kulikwangua kwenye matairi, lakini shuka za huko sijawahi kuzilalia. Mama mkwe naye ni mtu wa Tanga, amezeeka bila kuiona Ngorongoro. Kumbe ilishaandikwa kwamba utalii wake ataufungulia Kentucky, kwenye theluji.

Kwa asiyejua, majimbo ya Marekani yana hifadhi zao wenyewe, mbali na zile za serikali kuu kama Yellowstone, na Kentucky imejaliwa hifadhi zenye loji ndani yake. Kiangazi zinafurika watu. Baridi ikiingia, bei zinashuka na vyumba vinabaki wazi, ndipo akina sisi wa Louisville tunapokumbuka kwamba tunapenda mazingira. Ya kwetu siitaji jina, maana mama mkwe anataka kurudi.

Shida ya kwanza ilikuwa mavazi. Koti halikukubali kupita juu ya buibui, na buibui halikukubali kupita juu ya koti. Baada ya kikao kirefu, buibui lilishinda, likavutwa juu ya koti, sweta mbili na kitu cha sufu ambacho sikuthubutu kukiuliza. Mama akatoka nje ameviringana kama pipa la tende, mikono haishuki. Wajukuu wakamsukumia garini kwa heshima zote.

Tulipofika hakuvua hata glavu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akatazama miti isiyo na jani hata moja, akauliza, "Wanyama wako wapi?"

Nikamweleza kwamba huku kuna kulungu na kindi, na milimani upande wa mashariki kuna dubu weusi, ila dubu majira haya wamejichimbia mapangoni, wanalala mpaka joto lirudi.

"Basi dubu wana akili kuliko nyinyi," akasema, akakaa karibu na moto.

Kwenye korido karibu na chumba chake kulikuwa na mashine ya kutengeneza barafu, inanguruma mchana na usiku. Alisimama mbele yake muda mrefu. Akatazama dirishani, ambako barafu ilikuwa imening'inia kwenye paa kwa urefu wa mkono wangu, akarudisha macho kwenye mashine. Akaja Mmarekani na ndoo, akaijaza, akamsalimu kwa tabasamu, akaenda zake. Mama mkwe akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia mgonjwa, "Muache tu, baba. Usimuulize."

Ukutani sebuleni zilitundikwa picha za zamani za vijana waliovaa kijeshi, wameshika sururu badala ya bunduki. Nikapata nafasi ya kujionyesha msomi. Nikamwambia kwamba mwaka 1933, nchi hii ikiwa imefilisika, Rais Roosevelt aliwakusanya vijana wasio na kazi akawapeleka maporini kupanda miti, kupasua barabara na kujenga loji kama hizi. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 kati ya hizo zilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wao.

Ningenyamaza kwenye miti ingetosha.

"Ishirini na tano," alisema taratibu, akinitazama mimi, si picha. "Katika thelathini."

Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba watoto hawajanawa.

Usiku, mama mkwe aliona kwamba chumba chake kinanuka mazulia. Hakumwambia mtu. Alitoa chetezo cha umeme alichonunua duka la Wasomali, akaweka udi, tena ule mzuri anaouficha kwa ajili ya harusi, akajilaza. Mmarekani haoni mzaha kwenye moshi ndani ya jengo la mbao, na ana sababu: loji ya kwanza ya hifadhi ya Cumberland Falls, hapa hapa Kentucky, iliteketea mwaka 1940. King'ora kililia jengo zima.

Tukakimbilia nje. Na hapa naomba wakwe wote wa pwani wanielewe. Nilikuwa nimevaa ile suruali ya ndani ya baridi, inayoganda mwilini na kutangaza kila kitu, na hatua chache mbele yangu amesimama mama mzazi wa mke wangu. Ilikuwa theluji na nyuzijoto hasi, lakini jasho lilinitoka. Nikamnyang'anya mke wangu kanga, nikajifunga kiunoni. Ilikuwa na fumbo kali kwa jirani mbaya. Majirani wote pale walikuwa Wamarekani, wakaisifia rangi.

Zimamoto wa vijijini huku wengi ni wa kujitolea. Mmoja alifika na buti na kofia ya kazi, katikati pajama zenye picha za bata. Akapanda juu, akashuka amebeba chetezo kwa vidole viwili. Mama mkwe akatoa maelezo marefu kwa Kiswahili, yakiwemo ya kunuka kwa mazulia, na mke wangu akayafasiri kwa neno moja: "Samahani." Bibi mmoja mwenye mbwa akauliza manukato hayo yanauzwa wapi.

Mama alipoambiwa kwamba wale zimamoto wameacha vitanda vyao bila malipo, alisikitika kikweli. Akapanda, akarudi na ndoo ya visheti alivyokuja navyo kutoka Tanga. Zimamoto walikula wamesimama, theluji ikiwadondokea kofiani, na mwenye bata akaomba vya kumpelekea mkewe.

Asubuhi, kwenye chai, mtu akamhadithia kwamba Cumberland Falls, mwezi ukiwa mpevu na anga safi, upinde wa mvua hutokea usiku kwenye maporomoko, jambo linaloonekana pia Victoria Falls. Hajanyamaza tangu hapo. Ameshatafuta kalenda ya mwezi, ameshamwagiza binti yake aulizie vyumba, na udi anasema atauacha nyumbani.

"Ila mkwe wangu," alimwambia mke wangu kwenye simu, akijua fika kwamba nasikia, "mnunulieni suruali."