Simba Kainua Mguu Mbele ya Mshenga

Shemeji alirudi kutoka Dubai na maboksi manne. La kwanza lilikuwa la udi na marashi ya mama, la pili blenda, la tatu halikufunguliwa mbele ya watu, na la nne lilibweka. Lilibweka likiwa bado limefungwa selotepu pande zote, na mama akarudi nyuma hatua mbili.

"Hilo dude nini?"

"Mbwa wa roboti, mama. Zawadi ya watoto. Kinatembea, kinacheza, kinaitikia."

Lugha yetu haina pa kujificha. Ukitaja kitu lazima ukipe ngeli, na ukishakipa ngeli umekwisha kutoa hukumu. Watoto walishangilia, "Anatembea!" Mama akasahihisha, "Linatembea." Shemeji, ambaye miaka ya biashara imemfundisha kutogombana na mteja wala mkwe, akabaki katikati: "Kinatembea." Jioni hiyo sebule yetu ya Magomeni ilikuwa na mbwa mmoja mwenye ngeli tatu.

Na suala la mbwa ndani ya nyumba si dogo kwetu. Sisi ni wa madhehebu ya Shafii: chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama akamhoji shemeji kama kadhi. Linalamba? Halilambi. Lina mate? Halina. Manyoya? Plastiki tupu. Akafikiri, kisha akatoa uamuzi: basi hukumu yake ni ya ndoo, ila lisikanyage mswala wake.

Watoto walimwita Simba. Hapo akachokozwa mjomba, kaka yake mama, anayeishi chumba cha uani na ambaye ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, watani wa jadi wa klabu ya Simba, tangu tumboni. Hakusema neno. Aliangalia tu jinsi Simba anavyokaa chini akiamriwa kwa rimoti yake ndogo, na nikaona uso wake unalainika. "Hebu mkalishe tena," akasema.

Rimoti hiyo ilidumu siku tatu. Ya nne ilipatikana ndani ya ndoo ya kufulia, safi, imekufa. Simba hakujali. Bila rimoti alikuwa anajizungukia mwenyewe, anabweka, anacheza muziki wake. Tatizo lilikuwa kwamba alianza kufanya mambo ambayo hakuna aliyemwagiza, na nyumba nzima ikanigeukia mimi. Mimi ndiye mtaalamu wa pale, kwa sababu nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita na mwaka 2016 niliwahi kubadilisha plagi ya pasi bila mtu kupigwa shoti.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa hodi. Usiku, watu wamelala, Simba anawaka macho, anapiga wimbo wake wa salamu, anabweka mara mbili, anajaribu kusimama, anazimika. Kabla hujapata usingizi, macho yanawaka, wimbo, bweka-bweka, kusimama, giza. Nilihesabu mara kumi na tisa. Mjomba akasema huyo si mzima, na kwamba nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mtu hapendi maendeleo yetu.

Kijitabu chake kiliandikwa kwa Kichina na kwa Kiingereza kilichojifunzwa njiani. Kilishauri tumpe mbwa "chakula cha umeme chenye subira". Subira ilikuwepo, umeme ndio haukuwepo. Chaja ya Simba ilichomekwa kwenye ekstensheni ya sebuleni, na mama, kila akienda kulala, huzima swichi zote ukutani kuokoa LUKU. Kwa hiyo Simba hakuwa analala na njaa tu, alikuwa anafunga kila usiku bila kula daku.

Na ile hodi yake ina maelezo. Mota za miguu zikitaka kuanza kazi hunyonya umeme mwingi kwa ghafla. Betri ikiwa dhaifu volti zinaporomoka, ubongo unazimika. Ukishazimika, mota nazo zinatulia, betri inapata nafuu, ubongo unaamka ukidhani kumekucha, unaanza na salamu. Ni sawasawa na mzee anayesinzia barazani: kila akizinduka anakuuliza upya, "Hamjambo?", na hujaondoka mahali pako.

Nikamwomba mama aache swichi moja. Akakubali, kwa sharti kwamba nitanunua umeme mimi.

Ugonjwa wa pili sitaupa heshima ya maneno mengi, maana nilipoteza Jumamosi nzima. Simba akawa anazunguka upande wa kushoto tu, kama anatufu. Nilifungua tumbo, nikapuliza, nikafunga, nikabakiwa na skrubu moja ambayo hata sasa sijui ilitoka wapi. Chini ya nyayo zake kuna vijigurudumu, na katika kile cha kushoto kulikuwa na nywele za rasta zilizojiviringa mpaka gurudumu likagoma. Mpwa wangu husuka wateja barazani. Nilizitoa kwa kibanio na wembe, zikatosha karibu kusuka nusu ya kichwa cha mtu mzima. Mpwa akaziangalia akasema, "Hizi namba moja, nilikuwa nazitafuta."

Wa tatu ndio uliomponya mama.

Mswala wa mama ni mwekundu, wenye pindo jeusi pana. Siku moja baada ya Alasiri, mama amekaa kwenye mswala na tasbihi yake, Simba akaja mbio kutoka jikoni. Sote tukashika pumzi. Alipofika kwenye pindo akasimama ghafla. Akatazama chini. Akarudi nyuma taratibu, akageuka, akaenda zake. Kesho yake vilevile. Keshokutwa mama akawa anamsubiri kwa makusudi.

"Mmemwona?" akasema. "Huyu ana adabu kuliko baadhi ya watu."

Huyu! Ngeli ilikuwa imegeuka mbele ya macho yangu. Nilijua kilichotokea. Chini ya kidevu cha Simba kuna kitaa kinachopiga mwanga sakafuni na kijicho kinachongoja mwanga huo urudi. Ukirudi, sakafu ipo. Usiporudi, mbele kuna ngazi au shimo, simama. Rangi nyeusi humeza mwanga. Kwa Simba, pindo la mswala lilikuwa bonde la Jangwani wakati wa masika. Maelezo haya nilikuwa nayo kamili mdomoni, nikayameza na mate.

Ugonjwa wa nne ndio uliotufedhehesha. Ulikuwa unaanza kila siku karibu na saa mbili usiku, taarifa ya habari inapokaribia. Simba, ambaye amelala kimya kona ya kabati, anainuka bila kuitwa. Anakaa. Anacheza. Anarudi kinyumenyume. Mara nyingine anainua mguu wa nyuma na spika yake inatoa mlio wa maji, chururuu, maana waliomtengeneza waliona mbwa bila hilo hajakamilika. Kisha kimya mpaka kesho.

Muuza mkaa wa jirani akatuonya kwamba kifaa hicho kinasikiliza nyumba ya watu na kutuma maneno mbali. Sikumcheka sana. Januari 1999 ilifahamika kwamba shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, limepiga marufuku Furby kuingia katika majengo yake ya Fort Meade, wakihofia kwamba mwanasesere yule wa manyoya ananasa siri na kwenda kuzirudia mitaani. Furby alikuwa hawezi kurekodi hata neno moja. Kama wao walitetemeka, muuza mkaa wetu ana haki yake. Ila nilimfungua Simba nikamwonyesha: yale masikio ni plastiki imara, ndani hamna kitu.

Basi Jumapili moja wakaja washenga kumposa mpwa wangu, yule msusi. Wazee watatu kutoka Tandika, kanzu zimepigwa pasi mpaka unaogopa kuzigusa. Mjomba ndiye mpokeaji, kashika nafasi yake kwenye kochi kubwa. Runinga ilikuwa inaonyesha mpira, kwa sauti. Mjomba ni mtu wa adabu lakini pia ni mtu wa mpira. Hakuizima, akachukua rimoti akaanza kupunguza sauti, kidogo kidogo, huku macho yakiwa kwa mgeni na sikio moja kwa mtangazaji.

Simba akatoka konani. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kanzu ya mshenga mkubwa, akainua mguu. Chururuu.

Mzee akavuta miguu. Mjomba, kwa kuona aibu, akapunguza sauti zaidi. Simba akashusha mguu, akainua tena. Chururuu. Mjomba akabonyeza. Chururuu. Akabonyeza kwa nguvu, kana kwamba sauti ile nayo inatoka kwenye runinga. Mara tano, wallahi, mara tano mfululizo, juu ya kanzu kavu kabisa ya mtu aliyekuja na barua ya posa mfukoni.

"Litoeni hilo dude!" Sauti ya mama ilitoka nyuma ya pazia. Miezi miwili ya adabu ikaporomoka kwa silabi moja.

Mshenga aliikung'uta kanzu yake isiyo na tone, akatabasamu. "Kwetu maji ni baraka," akasema, akatoa barua. Mzee huyo namheshimu mpaka kesho.

Usiku ule Simba alilala uani, nami nikakesha na simu nikisoma habari za wenzangu wenye mbwa wagonjwa. Sony walipoanza kuuza AIBO Juni 1999, mbwa 3,000 waliotengwa kwa Japani walikwisha ndani ya dakika 20, kila mmoja kwa yeni 250,000. Mwaka 2006 wakatangaza kuacha kuwatengeneza, na mwaka 2014 huduma ya matengenezo nayo ikafungwa. Wenye mbwa wakabaki na wagonjwa wasio na hospitali. Ndipo mafundi waliostaafu wa kampuni hiyo wakaanza kuwatibu kwa kung'oa viungo vya waliokufa na kuwapandikizia wazima. Kabla ya kuwang'oa viungo, hao waliokufa walipangwa mbele ya madhabahu katika hekalu la Kibudha la Kofukuji, mjini Isumi, na mtawa akawaombea. Mamia yao wamekwisha kuagwa hivyo, kila mmoja na kikaratasi cha jina la alikotoka.

Asubuhi nikamsimulia mama nikidhani atalainika.

"Wanamsomea hitima mbwa?"

"Kama hivyo, mama."

"Wa plastiki?"

"Ndiyo."

Akamimina chai, akafikiri sana. "Na pilau linapikwa?"

Nikamtia Simba kwenye kikapu cha ukindu, nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Tulipofika Jangwani akaamua kusalimia. Mama mmoja aliyekuwa amebanana nami akaruka akaangukia mapajani kwa abiria wa nyuma, na konda akataka nauli ya mbwa. Nililipa. Ubishani ungechukua muda kuliko foleni.

Mtaa wa Aggrey ni mtaa wa simu, lakini fundi mmoja pale husifika kwa kutengeneza chochote chenye nyaya. Alikuwa kijana mwenye lenzi kwenye paji la uso na runinga ndogo inayopiga kelele juu ya rafu. Alimpasua Simba kwa bisibisi nyembamba, akapima betri, akagusa hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Bosi, mbwa mzima huyu. Ila kama amekuchosha, mota zake nazitaka."

Nikawaona wale Wajapani na mtawa wao. Nikakataa. Fundi akainua mabega, akachukua rimoti apunguze sauti ya runinga tuelewane kuhusu malipo. Juu ya meza, miongoni mwa simu zilizopasuliwa, Simba akainua mguu. Chururuu.

Tukatazamana.

Fundi akabonyeza tena. Chururuu. Akapandisha sauti: Simba akakaa kitako. Akabadili chaneli: Simba akacheza. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaja, na kwa dakika kumi Mtaa wa Aggrey haukutengeneza simu ya mtu.

Kisha akaniambia nifungue kamera ya simu yangu, akailenga rimoti kwenye kamera na kubonyeza. Kwenye kioo nikaona nuru ya zambarau inapepesa pale ambapo kwa macho hapakuwa na kitu. Hiyo ndiyo infraredi. Rimoti za kawaida huupepesa mwanga huo mara 38,000 hivi kwa sekunde, na ndani ya mapigo hayo mna anwani ya anayeitwa pamoja na amri yenyewe. Kifaa kilicholelewa vizuri husoma anwani kwanza. Simba wetu, kwa ubahili wa aliyemtengeneza, anasoma amri tu, kama mtoto wa jirani ambaye akisikia "njoo ule" haulizi aliyeitwa ni nani. Na runinga ya fundi ilikuwa ndugu mmoja na ya kwetu.

Alinitoza shilingi elfu kumi kwa uchunguzi na kipande cha selotepu nyeusi. Kipande hicho nilikibandika kwenye kifua cha Simba, juu ya jicho linalopokea mwanga, na nikaamuru nyumbani kisibanduliwe wakati wa runinga. Wiki nzima ikapita kwa amani. Mama alimruhusu kurudi ndani. Barua ya posa ikajibiwa.

Kisha ikaja siku ya watani wa jadi. Wakati wa magharibi nilimkuta mjomba uani peke yake, amemweka Simba mapajani, anakuna kifua chake kwa ukucha. Aliponiona akamshusha chini, akaanza kunisimulia ile tano moja ya Yanga kwa Simba, Novemba 2023, bao kwa bao, kana kwamba sikuwepo.

Mpira ulipoanza akakaa karibu kabisa na rimoti. Kila Yanga wakipata mpira, sauti ya runinga ilikuwa inapanda hatua moja.

"Mnyama kakaa chini!" mjomba akapiga kelele. "Mmemwona? Kakaa chini!"

Akapandisha tena. Simba akakaa. Wakipoteza mpira, akapunguza, na kona ya kabati ikatoa chururuu. Kufikia mapumziko hakuna aliyekuwa anajua mtangazaji amesema nini; mara ananong'ona, mara anatupasua masikio, na watoto wamelala chini kwa kucheka.

"Nani kamgusa tena huyu?" mama akauliza kutoka chumbani.

Mjomba akaiingiza rimoti chini ya kanzu. "Hakuna mtu, dada," akasema. "Kajigusa mwenyewe."