Kitochi cha Juu ya Friji

Baba mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna simu moja ambayo namba yake ya siri inajulikana na kila mtu, vuta kiti tuongee. Kwetu Tabata simu hiyo ni kitochi kinacholala juu ya friji, na ndicho kinacholipa kila kitu: LUKU, maji, king'amuzi, gesi, hela ya tuisheni. Mimi na Mama Neema tunakijaza mshahara ukitoka. Kukimaliza ni kazi ya ukoo.

Laini yenyewe ni ya mama mkwe. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwishoni mwa 2019, namba zetu za NIDA mimi na mke wangu zilikuwa bado hazijatoka. Mama mkwe kule Korogwe alikuwa na yake tayari, ameikariri yote. Januari 2020, laini zilipokuwa zinakaribia kuzimwa, akapanda basi, akaja, akabonyeza kidole, akatuokoa. Tangu hapo anaiita "laini yangu", na kila akipiga simu anaiulizia hali, baada ya wajukuu na kabla yangu mimi.

Tunamwita Bibi Kutolea. Jina kampa mwanawe wa mwisho, na mwenyewe analicheka. Ukimtumia elfu thelathini atapokea, atashukuru, atakuombea dua ndefu, kisha atasema: "Sasa baba, wakala akishakata hapa, mimi ninabaki na nini?" Na ana haki. Kutuma kuna makato yake na kutoa kuna makato yake, na mama aliyeko kijijini, ambako muuza dagaa anataka noti mkononi, hana namna ya kuyakwepa yale ya pili. Mkwe anayetuma hela bila ya kutolea anajulikana mtaa mzima.

Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, Bibi aligoma kabisa. Tukarudi kwenye bahasha, tunamkabidhi kondakta wa basi la Korogwe, tunampigia Bibi kumwambia namba ya gari, naye anakwenda kusimama stendi. Serikali ilipunguza tozo ile kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, lakini Bibi hakulegea mpaka kondakta mmoja alipohamishiwa njia nyingine na bahasha yetu mfukoni.

Nakumbuka bahasha zilivyokuwa ndiyo njia pekee, kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Shida ya Korogwe ilikuwa inatufikia imeshapoa, au majirani wameshaibeba. Siku hizi simu imeng'oa mlango uliokuwa kati ya mshahara wangu na mahitaji ya ukoo. Mtu anaumwa jino Korogwe saa nne usiku, saa nne na dakika tano mimi Tabata natafuta salio. Lakini nisiwe mchoyo wa kusema ukweli: usiku ule presha ya Bibi ilipopanda, tulilipa moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka la dawa kulekule, jirani akachukua dawa, akampelekea. Kwa usiku ule mmoja nimesamehe mengi.

Mengine, kama ya Jumamosi moja, bado nayasamehe kidogokidogo.

Bibi alikuwa kwetu, amekuja kliniki. Jioni umeme ukakatika kwetu peke yetu, maana kwa jirani taa zinawaka. LUKU imeisha, na kwenye friji kuna nyama ya wageni wa Jumapili. Mama Neema akamwagiza binti yetu, ambaye tunamwita Mtambo kwa jinsi anavyobonyeza simu: "Shusha kitochi, angalia salio." Mtambo akasoma kwa sauti. Kuna ujumbe: tumepokea Sh85,000 kutoka kwa mama mmoja ambaye hapo ndani hakuna anayemjua.

"Mungu kajibu," akasema Shemeji Dharura.

Huyu ni mdogo wake Mama Neema. Anaendesha bodaboda, anaishi nasi, na kila jambo lake ni dharura: pancha ni dharura, kunyoa ni dharura, siku ya kuzaliwa ya rafiki yake ni dharura. Ni kijana mwenye roho nzuri sana. Akipata hela anarudi na maembe kwa watoto wote wa mtaa.

Mama Neema akasema hakuna kugusa. Hapohapo simu ikaita. Mwanamke, yuko Makambako, sauti inatetemeka. Alikuwa anamtumia fundi hela ya bati, kakosea tarakimu moja, na kwa haraka hakulisoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kikao kikaanza gizani. Wewe unaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Watanzania wamelizwa nao kiasi kwamba leo kila simu ya mgeni tunaisikiliza kwa sikio moja. Bibi akasema arudishiwe papo hapo, hela ya mtu hailali nyumbani kwa mtu. Shemeji akasema tusubiri tuone. Mama Neema, mwekahazina wa kikoba chake na mtu ambaye kwa mambo ya hela namwamini kuliko ninavyojiamini, akaeleza taratibu. Ujumbe mtu anaweza kuutunga, salio hawezi, kwa hiyo kwanza liangaliwe salio. Na hata likiwepo, usirudishe kwa mkono wako. Mwenye hela apige kampuni yake, nasi tupige, kampuni irudishe muamala. Ukituma wewe, na kumbe na yeye ameshalalamika, inaweza kutoka mara mbili.

Mtambo akaangalia salio. Sh45,300.

Kimya. Bibi akauliza utapeli gani huu unaokuja nusu. Mama Neema akarudia kuangalia mwenyewe. Mimi nikamtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa ameshasimama mlangoni, anasema anakwenda kuangalia kama bodaboda ameifunga.

"Rudi hapa," akasema dada yake.

Ikatoka polepole. Kuna huduma siku hizi, ukilipia kitu na salio halitoshi, kampuni inakumalizia pungufu, kisha deni pamoja na ada yake linajilipa lenyewe kwa hela yoyote itakayoingia. Shemeji alikuwa amelipia tairi la bodaboda kwa kitochi. Alikusudia kujaza kabla hatujajua, na ninaamini alikusudia. Hela ya bati ya mama wa Makambako ikaingia, deni la tairi likajihudumia.

Bibi aliketi kwenye kochi akashika kichwa. Si kwa sababu ya tairi. "Mimi nadaiwa?" akauliza. "Kwenye laini yangu?" Maana kweli, kwa kumbukumbu za kampuni aliyekopa ni yeye, mama ambaye maisha yake yote hajawahi kukopa hata chumvi. Nilimhurumia sana. Shemeji alipiga magoti mbele yake gizani palepale, na sijamwona akipiga magoti tena.

Tukapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapatikana kijana, akamtaka mwenye laini. Bibi akapokea.

"Hujambo mwanangu? Umeshakula?"

Kijana akajibu kwa adabu kuwa hajambo. Bibi akataka kujua kwao ni wapi. Kwao Kigoma. Bibi aliwahi kuwa na jirani wa Kigoma, mtu mwema, wakamzungumza marehemu. Barafu ya friji inadondoka jikoni, tunaisikia. Kijana akaomba tarehe ya kuzaliwa.

"Ipi? Ya kitambulisho au ya kweli?"

Yakaisha salama. Kijana akasema kiasi kamili kikiwemo, atakizuia na kitarudi kwa mwenyewe. Wote wakanigeukia. Sikuwa na la kuuliza; nilishatoa simu yangu mfukoni. Nikatuma Sh39,700 kwenye kitochi, makato juu yangu, halafu nikanunua LUKU. Mtambo akapanda stuli na tochi, Mama Neema akamsomea tarakimu 20, Bibi akawa anarudia kila moja kwa nyuma ili isipotee, na zilivyochanganyika na zake, mita ikakataa. Mara ya pili tulimwomba Bibi anyamaze. Alinyamaza akiwa amenuna, taa zikawaka.

Namba ya siri tulibadilisha usiku uleule. Anaijua Mama Neema peke yake, na Mtambo, kwa sababu ndiye aliyembonyezea. Shemeji analipa deni lake kwa maembe na vijisenti vya jioni, na mara nyingine anamsogeza Mtambo shuleni bure, jambo ambalo dada yake amekubali kulihesabu.

Ila mama wa Makambako hakuishia pale. Hela ilipomrudia alipiga kushukuru, akaomba kuongea na Bibi, na tangu hapo ni mashoga. Wanaulizana presha, wanaulizana mvua, bati zimeshapigwa na picha tumeletewa. Juzi kapiga tena: binti yake anaolewa. Mchango wetu umeshaandikwa kwenye daftari la kamati, kwa jina la Bibi na Familia. Mama Neema kapanga elfu hamsini. Shemeji kaulizwa yeye atachanga ngapi, akasema breki za nyuma zimekuwa dharura. Nimeshika simu natafuta jedwali la makato, na Bibi yuko hewani kutoka Korogwe.

"Usimtumie kavu, baba. Weka na ya kutolea."