Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wanaosomesha Wapasuaji

Kwenu Waheshimiwa mliokabidhiwa amana ya hospitali zetu za umma na ya mafunzo ya mabingwa wake,

Baada ya salamu na taadhima inayostahiki vyeo vyenu, na baada ya kukuombeeni afya njema (afya ambayo, Mola apishie mbali, ikitetereka usiku wa manane mtalazwa juu ya meza mbele ya binti yangu), naleta shukrani zangu kwa hisani kubwa mliyonifanyia ya kunifanya mimi, mkulima wa minazi wa Kilifi, kuwa mfadhili wa hospitali ya serikali bila ya kuniomba ridhaa.

Hisani yenyewe mwaijua. Binti yangu alisoma udaktari miaka 6, akatumikia mwaka mmoja wa uanagenzi, akaajiriwa na kaunti, kisha moyo wake ukapenda upasuaji; na kwa kuwa kaunti hiyo ilimnyima likizo ya masomo, na alipoondoka ikaufunga mshahara wake kwa wepesi ambao haikupata kuwa nao katika kuulipa, imembidi ajilipie mwenyewe, yaani nimlipie mimi, karo ya shahada ya pili, ambayo kwa upasuaji ni miaka 5 mingine.

Wala siilalamikii miaka. Nimemwona likizoni akifunga mafundo ya uzi kwenye mguu wa kiti, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, macho yake yakiwa kitabuni. Nimemwona akiishona ngozi ya mbuzi tuliyemchinja, akiifumua, akaishona tena. Na nimemsikia akisema kwamba kukata ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, na kwamba uzito uko katika kujua ni wakati gani usikate, na katika kumrudia mgonjwa siku ya tano kutazama kama mshono wa utumbo umeshika au wavuja. Elimu ya namna hiyo haiharakishwi. Abul Kasim al-Zahrawi wa Andalusi, yapata miaka 1,000 iliyopita, aliifanya sehemu ya mwisho ya kitabu chake kikubwa cha tiba kuwa ya upasuaji, akaichora humo michoro ya ala zipatazo 200, za kukatia, za kuunguzia na za kung'olea meno; ila sikusikia kwamba miongoni mwa zote hizo imo hata moja ya kukamulia mfuko wa baba wa mwanafunzi. Hiyo mmeivumbua ninyi.

Hospitali anayojifunzia ina madaftari mawili. Katika daftari la zamu jina la binti yangu limo, na usiku wa Jumamosi na wa sikukuu limo kwa wino mzito zaidi. Katika daftari la mshahara halimo. Anayeletwa saa nane za usiku kidole tumbo kimempasukia, au mifupa imemvunjika kwa ajali ya bodaboda, au kisu cha ugomvi kimemwingia ubavuni, hupokewa na yeye na wenzake wasiolipwa, ilhali bingwa mwenyewe yuko mwisho wa simu; na mwisho wa muhula, wale wale ambao zamu zao zingekwama wasipokuwapo vijana hawa, huwaletea vijana hawa hati ya madai kwa neema ya kuwa wamefanyishwa kazi.

Kwa hiyo naomba, si fedha, Mola aniepushe na ujuvi huo, bali heshima kidogo: minazi yangu, niliyoiuza kwa ajili ya karo, isajiliwe kuwa wakfu. Sisi watu wa pwani twaujua wakfu na adabu zake. Mtu akiacha kisima au shamba kwa ajili ya msikiti, jina lake huandikwa, msimamizi huteuliwa, na wanaofaidika humwombea dua. Mimi nimeweka wakfu bila ya kutia nia, na nahofia nisije nikakosa fedha hapa duniani na thawabu kesho akhera. Basi na kiwekwe juu ya mlango wa chumba cha upasuaji kibao cha mvule, kilichonakshiwa na mafundi wa Lamu, chenye kutaja wafadhili kwa mpango wa kazi walizozitenda: minazi 12 ya bondeni: ngiri na mabusha; kishamba cha mihogo: vidole tumbo vyote vya mwaka wa pili; ng'ombe wa maziwa aitwaye Neema, aliyeuzwa akiwa na mimba: matumbo yaliyotoboka. (Kwa Neema naomba herufi za dhahabu, kwani alitoa na ndama wake ambaye hakuwahi hata kumwona.) Mgonjwa naye, kabla hajapewa nusukaputi, asomewe na muuguzi kwa sauti ya upole: "Bwana, busha lako leo laondolewa kwa hisani ya minazi mitatu ya upande wa kisimani, serikali yakutakia usingizi mwema." Akizinduka apewe stakabadhi. Na kila mwaka, tarehe mtakayoichagua wenyewe, mmoja wenu aje shambani pamoja na bendi, aweke shada la maua juu ya visiki, kwa kuwa aliyeinunua minazi aliikata mbao, atoe hotuba ya kusifu maendeleo ya sekta ya afya, na wageni waburudishwe kwa madafu, ambayo itabidi yanunuliwe kwa jirani.

Nina maombi mengine, ila hayo ni madogo. Glavu zisiishe. Uzi wa kushonea usiwe ni wa kununuliwa na jamaa wa mgonjwa katika duka la dawa la ng'ambo ya barabara, huku tumbo li wazi. Kule Uingereza wapasuaji na vinyozi walikuwa chama kimoja tangu 1540 hadi 1745. Mkiona inafaa, turejesheeni ushirika huo, kwani kinyozi wa mtaani kwetu hulipwa kila kichwa.

Lakini upo usiku mmoja ambao siwezi kuufanyia mzaha. Aliletwa mtoto, utumbo umejisokota na kuanza kuwa mweusi, na binti yangu akasimama juu yake hadi alfajiri, na mtoto akapona. Na asubuhi hiyo hiyo, hajanawa uso, akaambiwa na karani dirishani kwamba jina lake limefutwa katika orodha ya watahiniwa kwa ajili ya salio la karo. Karani alitumwa, simlaumu. Ninyi mliomtuma, hamkuona haya? Mchukuzi wa bandarini akishusha gunia moja huupokea ujira wake kabla jasho halijamkauka, na ninyi mwamtoza mtu bei ya jasho lake mwenyewe, tena kwa risiti. Huu ni wizi uliopigwa mhuri.

Niwieni radhi, Waheshimiwa. Nilikuwa nimekwisha kuanza vizuri.

Najua hazina ina dhiki. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na katika yaliyowagomesha lilikuwamo suala la wanagenzi, ambao mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 na ushei kwa mwezi, na ambao serikali ikaona 70,000 zawatosha. Nilipozisoma hesabu hizo nilimpigia simu binti yangu kumpongeza, kwa kuwa ya kwake ni sufuri, na sufuri haipunguziki. Najua pia kwamba tume ya jarida la Lancet ilitaka, mwaka 2015, kila nchi iwe na mabingwa 20 wa upasuaji, nusukaputi na ukunga kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030, na kwamba mikutano ya kulizungumza jambo hilo haijakosa chai. Na Chuo cha Wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoasisiwa mwaka 1999 na ambacho makao yake ni Arusha, huwafunza watu wake wakiwa kazini katika hospitali zao wenyewe. Kwa hiyo msiniambie kwamba kisu na mshahara haviwezi kukaa katika mkono mmoja.

Kazi ya serikali ilipwe na serikali. Mwekeni kila mwanafunzi wa upasuaji katika daftari la mshahara kuanzia zamu yake ya kwanza, mfute karo kwa anayetumikia wodi za umma, na kama fedha hazipo, litamkeni hilo hadharani, ili wagonjwa wajue ni nani anayewatibu na kwa gharama ya nani. Nangoja jawabu kwa maandishi, si kwa hotuba.

Wasalaam,
Mzazi wa mpasuaji, Kilifi