Sifa za Tone la Chini ya Sinki

"Chururu si ndo ndo ndo," walisema wahenga, na tangu hapo tone halijapata wakili. Wahenga hao waliishi pwani, kwenye tambarare, wakiteka kisimani kwa kata. Hawakuwahi kuvuta bomba kutoka kwenye mita iliyo bondeni Gikondo hadi jikoni kwa mtu aliyejenga mgongoni mwa kilima, wala hawakuamshwa saa nane za usiku na kiungo cha chini ya sinki. Wangeamshwa, wangemung'unya maneno yao. Chururu la Kigali huja saa litakayo na kuondoka bila kuaga. Tone hukaa.

Lucian wa Samosata alimsifu nzi, Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, na dunia ikawapigia makofi. Mimi naomba nafasi ndogo tu ya kulisifu tone, tena si tone lolote, bali lile linalotokana na mikono ya mwenye nyumba mwenyewe.

Maana tone la kweli halizaliwi na fundi. Huzaliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, umekwisha, saa tano imegonga, maduka yanafunguliwa, na baba mwenye nyumba bado ana jembe begani na moyo wa kujitolea kifuani. Badala ya kurudi nyumbani kuoga, anashuka Gakinjiro, kule Gisozi, ambako vitanda, mbao, nondo na mabomba hupakana. Anataka koki mpya inayong'aa, elbo mbili, nipo moja na tepu nyeupe. Muuzaji anamwuliza kwa heshima: "Mzee, ya nusu inchi au ya robo tatu?" Naye anajibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo: "Ile ya kawaida." Tone limeshatungwa mimba hapo hapo, mbele ya mashahidi.

Tepu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na ina ubishi wake. Hutakiwa kuzungushwa kufuata mshale wa saa, ncha ya bomba ikikutazama, huku ikivutwa kidogo mpaka meno ya bomba yaonekane chini yake. Ukiizungusha kinyume, kila unapokaza spana yenyewe inafumuka, inajikunja mdomoni mwa kiungo na kuchungulia nje kwa nyuzi nyeupe ambazo mgeni huzidhani ni urembo. Mafundi wa zamani hawahangaiki nayo: huchukua katani, wakaipaka rangi ya mafuta, wakaisokota kwenye meno, na kiungo hicho hakitavuja hata mjukuu akiuza nyumba. Kazi nzuri, sikatai. Lakini kiungo cha namna hiyo hakimfundishi mtu kitu.

Tone hufundisha. Kwanza hufundisha jiografia. Kilele cha Mlima Kigali kiko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Nyabarongo lililo chini yake liko karibu mita 1,350. Maji yakishuka mita 10 ndani ya bomba, presha huongezeka kiasi cha bar moja. Piga hesabu: bomba moja lisilokatizwa kutoka kilele hadi bonde lingefikisha bar 50 chini, nayo koki ya jikoni imezoea kuishi na bar chache tu. Ndiyo maana wahandisi huweka matangi na valvu za kupunguza presha njiani, ngazi kwa ngazi. Na ndiyo maana nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara zinaweza kulalamika kwa siku moja, huyu kwamba shawa yake inalia machozi, yule kwamba ya kwake inamchapa.

Kuna wanaokwenda kununua geji ili wajue hali ya presha nyumbani kwao. Hasara tupu. Mwenye tone anayo geji tayari. Mchana, mtaa mzima ukiwa unafua na kupika, tone hudondoka kwa mapumziko. Usiku wa manane, majirani wote wamefunga koki, presha inapanda kwenye mtandao na tone linashika kasi. Tofauti ya kasi kati ya adhuhuri na usiku wa manane ikiwa kubwa sana, nyumba hiyo inahitaji kipunguza presha hapo baada ya mita, kabla hita haijapasuka. Ushauri huo fundi angeutoza nauli.

Pili, tone ni mpiga mbiu. Maji ya Kigali hutoka mbali na chini: Nzove kando ya Nyabarongo, Kimisagara kwa maji ya mto Yanze, Karenge upande wa ziwa Mugesera, na tangu 2021 mtambo wa Kanzenze wenye uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku. Yote hayo lazima yapandishwe vilima kwa pampu, na mji unakua kuliko pampu. Kwa hiyo mitaa mingi imezoea zamu. Maji yakikatika, mama mwenye busara huacha koki wazi, sufuria tupu chini yake, akalala. Maji yakirudi, tone la kwanza hugonga sufuria, na nyumba nzima inaruka na jerekani zake za njano. Nyamirambo nimewahi kuambiwa kwamba kuna nyumba ambazo tone humtangulia mwadhini wa alfajiri, na waliomo huswali mapema wakiwa wameshajaza ndoo zote. Niambie ni kifaa gani kingine cha dukani kinacholinda ndoo na swala kwa pamoja.

Nakuja kwenye fedha, maana hapo ndipo wambea hulishambulia. Tone moja kwa kila sekunde ni kiasi cha lita 20 kwa siku: jerekani moja kamili. Kwa mwezi ni lita 600, yaani zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo. Kwa viwango ambavyo RURA, mdhibiti wa huduma za umma, iliweka mwaka 2019, mita tano za kwanza za nyumbani zilikuwa faranga 340 kila moja, na kuanzia hapo hadi mita 20 zilikuwa 720. Basi tone la mwezi mzima, hata likitozwa kwa ngazi ya pili, kwa viwango hivyo ni faranga 430 na ushee bila kodi. Siku maji yanapokuwa hayapo, mwenye baiskeli hawezi kukubebea jerekani tatu mpaka mlimani kwa fedha hiyo, tena atakutazama kwa huruma.

Zaidi ya hapo, tone langu ni raia mwema. Ripoti za miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja kwamba zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa na shirika la maji, WASAC, hayaleti mapato, mengi yakipotelea njiani kabla ya kufika kwa mteja. Lakini tone la chini ya sinki liko upande huu wa mita. Limehesabiwa, limeandikwa, limelipiwa. Ni mvujo wenye risiti. Nakiri kwamba likiwa jembamba mno, gurudumu la mita haliwezi kuzunguka, nalo hupita bila kuandikwa. Lakini unyenyekevu nao ni sifa. Tokyo wameshusha mvujo wa mabomba ya mji wao hadi kiasi cha asilimia 3, na sijui usiku wanasikiliza nini.

Tone limechangia pia ustadi wa nchi. Kwingineko bomba likipasuka hufungwa kwa mfuko wa nailoni. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na nyumba zikabaki na vidonda bila bendeji. Likaja suluhisho la tyubu ya baiskeli: ukanda wa upana wa vidole viwili, unavutwa mpaka mpira upauke, unazungushwa tabaka juu ya tabaka, mwishoni waya. Hushika vizuri ajabu. Mchana huwezi kujua kama kuna kidonda. Presha ya usiku ikija, ukanda huvimba polepole, ukatoa jasho pembeni, kisha tone likatokea mahali pengine kabisa, mbali na pale ulipofunga, kwa sababu maji hufuata chini ya mpira mpaka yapate mlango. Watoto wa nyumba hiyo wamejifunza utafiti kabla ya kufika sekondari.

Nalo chujio, je? Siku hizi kila mwenye paa la vigae anataka kopo la bluu la inchi 10 ukutani, hasa msimu wa mvua, mito inapokuja na udongo wa vilima na maji ya bomba yanapobadilika rangi baada ya kukatika na kurudi. Kopo hilo lina pete ya mpira kwenye mdomo wake, na mwenye nyumba hulikaza kwa nguvu zote kwa ile spana ya plastiki iliyokusudiwa kulifungulia tu. Pete inapinda, na tone jipya linapatikana, la daraja la juu kuliko lile la sinki. Libariki. Weka beseni jeupe chini ya bomba baada ya chujio, uliache usiku kucha, asubuhi utazame kitako: ukiona ukungu wa udongo, mshumaa wa ndani umechoka au umekaa upande.

Kitako kikiwa safi, bado usijisifu. Chujio la maikroni 5 huzuia udongo, lakini bakteria hupita humo bila hata kuinama. La mkaa ndilo hatari zaidi kwa anayelifunga kabla ya tangi: huondoa klorini, harufu inapotea, mwenye nyumba anafurahi, na tangi zima linabaki bila mlinzi. Mkaa ukae mwisho kabisa, kwenye koki ya maji ya kunywa, na hata hapo sufuria isistaafu. Kigali, kwa urefu wake kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, nayo yanatosha kabisa kuua vijidudu ilimradi yachemke kweli, si kutoa mvuke tu.

Hatimaye siku hufika ambapo mama wa nyumba anachoka na falsafa na kumwita fundi bomba. Fundi huingia na mkoba wake, hupiga goti, huwasha tochi ya simu, na kuvuta uzi mweupe kutoka kwenye kiungo kwa vidole viwili.

"Mama, hii nani alifunga?"

"Mzee."

"Na kopo la bluu?"

"Mzee."

"Na hita ya juu?"

Mama anamtazama mzee, mzee anatazama dirishani. Bei inapanda kabla fundi hajapanda ngazi.